Wasifu wa bibi katika matanga ya Kasongo

Bibi mzee akifariki Kasongo, mji wa kusini mwa mkoa wa Maniema nchini Kongo, jambo linalongojewa zaidi katika matanga yake ni wasifu. Mwanawe wa kwanza, au mjukuu aliyesoma, husimama mbele ya waombolezaji na kueleza marehemu alizaliwa wapi, wazazi wake ni kina nani, aliolewa na nani, alizaa wangapi na wamebaki wangapi, alisali au aliswali wapi, na watu wengine walimtegemea kwa lipi. Kwa Wakristo karatasi hiyo husomwa nyumbani au kanisani kabla ya kwenda makaburini. Waislamu huzika upesi, mara nyingi siku hiyohiyo, kwa hiyo habari za marehemu huzungumzwa zaidi siku zinazofuata, watu wakiwa wamekaa mikekani baada ya dua. Taratibu ni mbili, maswali ni yaleyale, na la kwanza ni la ukoo: kupitia kwa bibi huyu, nani ni ndugu ya nani?

Swali hilo lina uzito kusini mwa Maniema kwa sababu watu wake wamechanganyika sana. Katika Kasongo na Kabambare wanaishi Wazimba, Wakusu, Wabangubangu, Wabuyu, Wagenya wavuvi wa mto Lualaba, na uzao wa Waungwana waliofika na misafara ya pwani katika karne ya 19. Kabila mara nyingi huhesabiwa kwa baba. Lakini baba wengi walikuja kutoka mbali, wakaondoka tena, au wakafia safarini na vitani, na aliyebaki mahali pamoja akijua nani alitoka wapi ni mama wa mama au mama wa baba. Mgeni anayedai kwamba ana ndugu Kasongo huulizwa jina la bibi yake.

Hata utawala wa Tippu Tip, mfanyabiashara wa karne ya 19 ambaye jina lake halitengani na mji wa Kasongo, ulianzia kwa bibi. Katika masimulizi ya maisha yake aliyoyatunga kwa Kiswahili, na ambayo Mjerumani Heinrich Brode aliyachapisha Berlin mwaka 1902 na 1903, Tippu Tip, ambaye jina lake halisi ni Hamed bin Muhammed el-Murjebi, anaeleza jinsi alivyofika kwa Kasongo Rushie, mtawala mzee wa nchi ya Utetera. Alikuwa amesikia kwamba dada wa mtawala huyo alichukuliwa mateka vitani zamani na hakurudi. Akadai kwamba mwanamke huyo alifika mikononi mwa babu yake, Habib bin Bushir, na kwamba yeye Hamed ni mjukuu wake. Mzee alimpokea kama damu yake na kumwachia utawala. Wanahistoria wengi wanaiona hadithi hiyo kuwa ya kubuni, nao wana sababu nzuri. Lakini hata hila hufuata mantiki ya watu inaowalenga: mfanyabiashara mwenye bunduki na pembe za ndovu aliona kwamba bibi aliyepotea angemfungulia mlango ambao bunduki zisingeufungua kwa heshima. Baada ya hapo alihamia Lualaba, na kuanzia mwaka 1875 hivi Kasongo ikawa makao yake.

Wanawake halisi wa nchi hiyo wanaonekana katika maandishi ya wakati uleule, ila hawatajwi kwa majina. David Livingstone alikaa Nyangwe, chini kidogo ya Kasongo kwa mkondo wa mto, mwaka 1871. Alipenda kukaa sokoni akiwatazama wanawake waliokuja kwa miguu na kwa mitumbwi, wamebeba samaki, vyungu, mihogo na kuku, wakibishana bei kwa furaha. Tarehe 15 Julai mwaka huo watu wa misafara walifyatua risasi katikati ya soko. Mamia walikufa, wengi wao wakizama mtoni walipokuwa wakikimbilia mitumbwi, na wengi wa waliokufa walikuwa wanawake. Mauaji hayo yamo katika vitabu vingi vya historia ya biashara ya watumwa. Kinachosahaulika ni kwamba soko lile lilikuwa kazi ya wanawake, nalo ndilo lililounganisha wavuvi wa mtoni na wakulima wa bara kabla ya utawala wowote kutoka nje.

Anayeandika wasifu wa bibi aliyezaliwa kabla ya uhuru hukwama mapema, kwenye tarehe. Wazee wengi hawakuandikishwa walipozaliwa, na mwaka uliomo katika vitambulisho vyao ulikadiriwa na karani. Familia huhesabu kwa matukio: alikuwa ameanza kutembea wakati wa vita ya Hitler, alivunja ungo kabla ya uhuru, mtoto wake wa tatu alizaliwa mwaka wa Simba. Tukio la mwisho lina tarehe inayojulikana, kwa maana waasi wa Simba walipita Kasongo katikati ya mwaka 1964 walipokuwa wakielekea Kindu, waliyoiteka mwezi Julai. Kwa njia hii mwaka wa kuzaliwa unaweza kukisiwa bila kukosea sana.

Jina nalo lina historia yake. Bibi mmoja anaweza kuwa na jina la ukoo alilopewa utotoni, jina la Kiislamu au la ubatizo, na jina la mwanawe wa kwanza ambalo majirani humwitia. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu ilipiga marufuku majina ya Kikristo yenye asili ya Ulaya, na kina Maria na Yosefina wakalazimika kuandikishwa upya kwa majina ya wahenga. Wengi waliendelea kuitwa Maria jikoni na kanisani. Ndiyo maana karatasi ya wasifu hubeba majina matatu au manne, na waombolezaji wa kila upande humtambua kwa lake.

Kuhusu imani, historia ya Kasongo haifanani na ya miji mingi ya Kongo. Majeshi ya Serikali Huru ya Kongo yaliuteka mji mwezi Aprili 1893, na vita na Waarabu vikaisha mwaka uliofuata. Waungwana waliobaki hawakuacha dini yao ya Kiislamu. Katika miaka ya 1920 tarika ya Kadiria ilienea Maniema kutoka upande wa Ujiji, ikileta dhikri, maulidi na mashehe wenye idhini ya kufundisha. Utawala wa Ubelgiji uliwatilia shaka Waislamu na kuwabana walimu wao, huku ruzuku ya elimu ikienda kwenye shule za misheni, hasa za Kikatoliki. Kanisa Katoliki liliifanya Kasongo kuwa vikarieti ya kitume mwaka 1952 na jimbo kamili mwaka 1959. Mzazi Mwislamu aliyetaka mwanawe ajue kusoma na kuandika alikuwa na njia chache, na nyingi zilipitia kwa mapadri. Watoto walibatizwa shuleni, kisha walirudi nyumbani kula futari kwa bibi.

Matokeo yake yanaonekana leo katika ukoo mmoja wenye misikiti na parokia ndani yake. Anayeushikilia mara nyingi ni bibi. Ndiye anayemfundisha mtoto sura ya Alhamdu kabla hajapelekwa chuoni, au Salamu Maria kabla hajaanza katekisimu, na ndiye anayeamua nani achinje kuku sikukuu inapofika ili wajukuu wote waweze kula. Kwenye matanga ya ukoo wa namna hiyo, mnyama huchinjwa na Mwislamu, na hakuna anayeliona hilo kuwa jambo la kujadili. Vitabu vya dini hueleza imani kwa misingi na nguzo. Imani ya mwanamke mzee wa Kasongo hukumbukwa kwa vitendo, na waombolezaji hupima maneno ya msomaji kwa yale waliyoyaona. Aliamka saa ngapi kuswali? Aliwahi kumfukuza mgeni? Alifunga hata alipokuwa mgonjwa? Alipokuwa mwanachama wa shirika, yaani jumuiya ndogo ya Wakatoliki wa mtaa, alifika kwenye matanga ya wengine au alituma salamu tu?

Kazi yake ya kila siku ilikuwa shamba, na hapa ndipo nyaraka za serikali zinapowatendea bibi hawa dhuluma kubwa. Amri ya mwaka 1917 iliruhusu kilimo cha lazima katika Kongo ya Kibelgiji, na Maniema ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza kulimishwa pamba. Baadaye sheria iliweka siku 60 kwa mwaka za kazi hiyo, na mwaka 1942, wakati wa vita, zikaongezwa hadi 120. Aliyeandikwa kwenye daftari alikuwa mwanamume mzima mwenye nguvu. Lakini pamba haikupandwa, haikupaliliwa wala haikuchumwa na mwanamume peke yake. Mke wake na binti zake walikuwa shambani tangu alfajiri, na fedha kidogo iliyotoka humo ililipa kodi ya mume. Ukisoma ripoti za mavuno za miaka hiyo unaona tani na majina ya wanaume. Kwa hiyo bibi anayekumbuka kwamba aliwahi kulazwa njaa kwa sababu shamba la muhogo liliachwa ili pamba iishe kuchumwa ni shahidi asiye na mbadala.

Mpunga ni habari nyingine. Uliletwa na Waungwana, ukapenda udongo wa Kasongo, na hadi leo eneo hilo linajulikana kwa mchele wake. Ni mpunga wa nchi kavu unaopandwa mvua zikianza, kwenye shamba lililofyekwa na kuchomwa. Wanaume hukata miti. Mengi yanayobaki ni ya wanawake na watoto: kupanda kwa jembe, kupalilia, kuwafukuza ndege, na kuvuna kwa kisu, suke kwa suke. Kisha kuna kinu. Wanawake wawili husimama wakikabiliana, kila mmoja na mchi wake, wakipishana kwa mapigo bila michi kugongana. Mpunga ukishaanza kumenyeka humwagwa kwenye ungo, hupepetwa, makapi yakaruka na punje zisizomenyeka zikajikusanya ukingoni, nazo hurudishwa kinuni. Mikono ya bibi hutambuliwa kwa ungo: mchele wake hauna chuya, na anayemrithi ungo huo hutarajiwa kutoa mchele wa namna hiyo. Wali na sombe, yaani majani ya muhogo, iliyopikwa kwa mawese ndicho chakula ambacho wajukuu walio mbali, Bukavu au Ulaya, hukitaja kabla ya jambo lingine lolote wanapomkumbuka bibi yao.

Utumishi kwa wengine haukuhitaji cheo. Wanawake wazee walikuwa wakunga, waosha maiti, wasuluhishi wa ndoa, waweka hazina wa likelemba (kuchangishana fedha kwa zamu), na walezi wa watoto wasio wao. Afya ni mfano ulioandikwa vizuri. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Chuo cha Tiba ya Tropiki cha Antwerp kilianzisha mradi Kasongo wa kupanga vituo vya afya vidogo vilivyo karibu na vijiji, vikiungana na hospitali ya rufaa. Mradi wa Kasongo ukawa somo duniani katika mjadala wa afya ya msingi. Uchunguzi wake juu ya chanjo ya surua kwa watoto wadogo ulichapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 1981, ukaleta ubishi mkali kwa kuuliza kama mtoto aliyekingwa dhidi ya surua hafi baadaye kwa ugonjwa mwingine. Madaktari walibishana kwa takwimu. Kijijini uamuzi ulikuwa kwa bibi: mama kijana hakumbeba mtoto kilomita kadhaa kwenda kituoni bila mama mkwe kukubali, na aliyekuwa amezika watoto wake kwa surua alikuwa mhamasishaji bora kuliko bango lolote.

Vita vilivyoanza mwaka 1996, na vile vya mwaka 1998 hadi 2003, viliupa utumishi huo sura ngumu. Katika vita vya pili mji ulikuwa mikononi mwa waasi wa RCD, vijiji na misitu mikononi mwa wanamgambo wa Mai-Mai, na njia ya kwenda Kindu, zaidi ya kilomita 200, ikawa ya hatari. Familia zilihamia mashambani ndani ya msitu. Wanaume vijana hawakuweza kutembea bila kushukiwa na upande mmoja au mwingine, kwa hiyo wanawake wazee ndio waliorudi mjini kutafuta chumvi na dawa. Umri haukuwa kinga: ripoti za haki za binadamu za miaka hiyo zinataja bibi miongoni mwa wanawake waliobakwa. Katika wasifu mambo haya hayasemwi, au hufichwa ndani ya maneno kama "aliteseka sana wakati wa vita", na waliohudhuria huelewa. Linalosemwa wazi ni idadi ya wajukuu yatima aliowakusanya na kuwalea hadi wakaoa na kuolewa.

Maziko yenyewe huenda kwa utaratibu unaojulikana. Kwa Waislamu, wanawake humwosha marehemu na kumvika sanda, wanaume humsalia na kwenda kumzika, na wanawake hubaki nyumbani. Hitima husomwa siku za mwanzo, kisha arobaini. Vijana waliosoma nje na kurudi na msimamo wa Sunna hupinga arobaini na dhikri za kaburini, wakisema Mtume hakuzifanya. Wazee wa Kadiria hujibu kwamba kusoma Qur'ani na kulisha watu hakujawahi kuwa dhambi. Ubishi huo umegawa familia, na wakati mwingine arobaini hufanywa kwa jina la sadaka ya kawaida ili kila mtu aweze kuja.

Kwa Wakatoliki, usiku wa matanga ni wa nyimbo na rozari. Shirika huleta kuni, maji na unga, Misa husomwa, na baada ya muda familia hukutana tena kuondoa matanga. Tarehe 2 Novemba, siku ya kuwaombea marehemu wote, makaburi hufagiliwa. Kongo ina jambo lake: utaratibu wa Misa ulioidhinishwa na Roma mwaka 1988 kwa ajili ya majimbo ya Zaire, ambamo mwanzoni kabisa waamini huwaita watakatifu, kisha wahenga wenye moyo mnyofu, ili wawe pamoja nao. Mjukuu anayesali Misa hiyo hahitaji kuchagua kati ya kanisa na bibi yake.

Majirani wa kaskazini, Walega wa Pangi, walikuwa na njia nyingine ya kuwakumbuka marehemu. Katika chama cha bwami, mke alipanda ngazi pamoja na mumewe hadi bunyamwa, daraja kuu la wanawake, na vinyago vidogo vya mbao vinavyoitwa lukwakongo vilipitishwa kutoka kwa waliokufa kwenda kwa warithi wao vikiwa ukumbusho. Wabelgiji waliupiga marufuku bwami. Vinyago vingi vya Walega sasa vimo katika makumbusho ya Ulaya na Marekani, bila majina ya wale waliokumbukwa kwavyo.

Kwa watu wa Kasongo, kuondoa matanga ndiyo siku ya mali. Vikwembe vya bibi hugawiwa mabinti na wajukuu wa kike, sufuria na kinu hubaki nyumbani, na shamba huzua maneno. Sheria ya familia ya mwaka 1987 inawaweka watoto wote, wa kike na wa kiume, katika daraja moja la warithi, na mjukuu huchukua nafasi ya mzazi wake aliyekufa. Desturi ya vijijini ina mawazo yake, hasa mabinti walioolewa mbali wanapodai. Mara nyingi aliyejua mipaka alikuwa marehemu mwenyewe: mchikichi huu ulipandwa na nani, kijito kile kilikuwa wapi kabla hakijahama. Familia iliyomuuliza mapema haigombani sana. Mtoto wa kike atakayezaliwa kwanza hupewa jina lake, na kuanzia hapo mama wa mtoto humwita binti yake "mama" au "bibi", na hamkaripii ovyo.

Siku hizi tangazo la kifo hupita redioni asubuhi na jioni, kisha kwenye simu, na watoto walio Kinshasa, Nairobi au Brussels hutuma fedha za jeneza na chakula. Wasifu hupigwa chapa katika vibanda vya fotokopi, na mara nyingi huandikwa kwa Kifaransa, lugha ambayo bibi hakuizungumza, halafu msomaji akautafsiri papo hapo kwa Kiswahili. Ni kasoro kubwa kuliko inavyoonekana. Karatasi ya Kifaransa hufuata kielelezo cha maofisa na mapadri: tarehe, ndoa, idadi ya watoto, vyeo vya kanisani. Pamba, chumvi ya wakati wa vita, majina ya wakunga wenzake na mipaka ya shamba havina nafasi humo; hutoka baadaye mikekani, wakati hakuna anayeandika. Baadhi ya wajukuu wameanza kumrekodi bibi kwa simu angali hai, kwa lugha yake, akiwa anachambua mchele au anasuka mkeka. Wanaofanya hivyo husema kwamba ukimwomba bibi asimulie maisha yake hujibu kwamba hana la kusema, na ukimuuliza alikuwa akiuza nini sokoni mwaka wa uhuru, hanyamazi hadi jua linapokuchwa.